Marashi ya Bibi na nyumba ya Firenze

Firenze, 9 Aprili

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, natumai nawe na watoto hamjambo. Nilitaka kukuandikia tangu wiki jana, ila nikaona nirudi dukani kwanza nikatazame vizuri.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akitupangusa uso kwa marashi tukishikwa na homa? Tukimwambia marashi ni ya maulidi na harusi, homa dawa yake hospitali. Hajibu, kashika mrashi wake tu. Basi hapa Italia, mtaa wa Via della Scala, ipo nyumba ya manukato iliyoanza na maji hayo hayo ya waridi, na yalianza kama dawa.

Inaitwa Santa Maria Novella. Watawa wa Kidominiko walifika mji huu mwaka 1221, wakapanda majani ya kutibia wagonjwa wao. Tauni ya 1348 iliufagia mji vibaya sana. Katika kumbukumbu za 1381 watawa wanatajwa wakiuza maji ya waridi, watu wasafishie nyumba palipopita maradhi. Zuhura, nilisimama pale ukumbini, palipokuwa kanisa dogo la San Niccolò, nikamwona Bibi waziwazi.

Mwaka 1533 Caterina de' Medici, binti wa hapa, aliozwa Ufaransa, ana miaka 14. Inasimuliwa kwamba watawa walimtengenezea manukato ya bergamoti, tunda la jamii ya ndimu ambalo ganda lake hunukia mno. Mtoto wa miaka 14, anakwenda kwa watu asiowajua, na harufu ya kwao mwilini! Nikakumbuka kikuba alichokufunga mama siku unapelekwa Dar, hukutaka kukivua hata asumini ilipokauka.

Duka lilifunguliwa rasmi kwa watu wote mwaka 1612, msimamizi akiwa mtawa Angiolo Marchissi. Mwaka 1866 serikali ya Italia ikataifisha mali za kanisa, na kazi ikashikwa na Cesare Augusto Stefani, mpwa wa mtawa wa mwisho aliyeiongoza. Namshukuru mtu huyo, angeiacha ingekufa.

Wana pia kinywaji chekundu cha tangu karne ya 18, Alkermes. Ni kileo, sikukigusa, lakini viungo vyake ni vya jikoni kwetu: mdalasini, iliki, karafuu. Na siku hizo karafuu Unguja na Pemba ilikuwa bado haijapandwa! Jina lenyewe ni la Kiarabu, *qirmiz*, mdudu aliyetoa rangi hiyo nyekundu.

Nimemnunulia Bibi chupa ya maji ya waridi. Atakuletea jirani yangu anayerudi Unguja mwezi ujao. Mmiminie kwenye mrashi wake, usimwambie yametoka wapi mpaka anuse. Kisha niandikie alivyosema, neno kwa neno.

Shoga yako,
Rukia