Barua ya Wazi kwa Afisa Elimu: Tuachieni Ramani ya Watoto

Ndugu Afisa Elimu, Elimu ya Awali na Msingi, wilaya yetu,

Shikamoo. Najua utaratibu unataka barua ipite kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu kata. Zilizotangulia zilipita huko na hazijajibiwa. Hii naiandika mbele ya watu.

Jumatatu iliyopita, kabla ya ugeni wa ofisi yako kufika shuleni kwetu, tuliagizwa tusafishe mazingira. Katika usafi huo, ramani waliyoifinyanga watoto wa Darasa la Nne ilivunjwa kwa majembe na udongo wake ukamwagwa migombani. Agizo hilo sijui lilianzia wapi. Nadhani kuna aliyeona rundo la udongo akahofia wageni wangetuona wachafu. Mimi mwalimu wao sikuulizwa.

Pale nyuma ya darasa palikuwa na Nyanda za Juu Kusini nzima. Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, waliuvika kilele cha mawe meusi ya volkano. Ziwa Ngozi, kwa kuwa limo ndani ya kreta, walilichimbia shimo wakatandika nailoni ili maji yasinywee. Mto Kiwira ulikuwa mfereji mwembamba unaoshuka hadi Ziwa Nyasa, na juu yake walilaza jiwe moja: Daraja la Mungu. Walimwaga maji kutoka juu, wakaona kwa macho yao kwa nini mto unaelekea kusini. Mtoto ambaye darasani hafungui kinywa ndiye aliyetueleza, jiwe mkononi, kwamba daraja lile ni lava iliyopoa na mto ukabaki unapita chini yake. Wenzake walimsikiliza kimya. Ndugu Afisa, ungekuwepo siku ile, majembe yasingeguswa.

Darasani tuna ramani moja ya ukutani. Njombe haimo, Songwe haimo, ingawa mkoa wa kwanza ulianzishwa 2012 na wa pili 2016. Mtoto akitafuta Kimondo cha Mbozi anakikuta Mbeya. Nikimwambia kiko Songwe, ananitazama, anaitazama ramani, hajui amwamini nani. Kwenye kikao cha walimu mwanzoni mwa mwaka jana ulisimama wewe mwenyewe ukatuahidi atlasi na ramani mpya kabla ya muhula kwisha. Tulikupigia makofi. Muhula ule uliisha, na mwaka nao ukaisha.

Tangu hapo manila, gundi na rangi natoa kwenye mshahara wangu, na nyumbani kuna watoto wanaosubiri mshahara huohuo. Udongo mwekundu wa kufinyangia milima niliupakia kwenye bodaboda, mvua ikininyeshea njia nzima. Wanafunzi wanabanana wanne kwenye dawati la watatu, hakuna pa kutandaza karatasi kubwa, ndiyo maana tulihamia uwanjani. Fedha zangu sizidai. Kinachoniuma ni kufanya kazi hii kisha ikafukiwa kwa sababu ya wageni wa saa moja.

Mtaala ulioboreshwa unataka Jiografia na Mazingira ifundishwe kwa vitendo. Semina iliyoletwa na ofisi yako ilisisitiza tutumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira yetu. Tulitii. Nawe unayaona matokeo ya majaribio ya wilaya: watoto wanaijua Kilimanjaro, mita 5,895 wanazikariri kama sala, lakini Mlima Rungwe, ambao asubuhi isiyo na ukungu wanauona dirishani, hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Wengine wanaandika uko Arusha. Mtoto hawezi kukitunza chanzo cha maji asichojua kiko upande gani wa nyumba yao.

Nilikusudia kuomba atlasi, ramani mpya ya ukutani, pia ruhusa ya kuwapeleka watoto Kiwira wakalione daraja lenyewe. Yote hayo bado tunayahitaji, na ahadi ya ramani ni yako. Lakini kama fedha hazipo, nakuomba jambo moja lisilogharimu hata shilingi: andika barua kwa shule yetu kwamba ile sehemu ya nyuma ya darasa ni ya ramani ya watoto na isiguswe, ugeni uwepo usiwepo. Wameshaanza kuniuliza tunajenga lini tena. Naomba barua hiyo, Ndugu Afisa. Naomba ije wiki hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Darasa la Nne