Tumepewa dawa ya ukoma, viatu je?

Mhariri,

Mimi ni bibi mkulima wa korosho, Lindi. Ukoma nilipona kwa dawa mseto, zile za bure za miezi 12, lakini ganzi ya nyayo imebaki. Mwiba ukinichoma sina habari mpaka nione damu kwenye kandambili. Kliniki wananihimiza nitembee, ninyooshe vidole, nisikae tu. Sawa, nitembee na nini? Viatu vyenye soli ngumu chini na laini ndani huku havipatikani, na fundi wa katambuga hana hiyo spanji. Kidonda kikianza nalala ndani wiki kadhaa, magugu yanameza shamba. Wizara ilete viatu hapo hapo tunapochukulia dawa, na mafundi wetu wafundishwe kuvishona.

Bibi wa korosho,
Lindi