Si kila ufukwe unaopinda pichani ni ghuba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu ile picha ndefu ya ufukwe mliyoitandaza kurasa mbili za katikati, kwenye toleo lenu la utalii. Kazi yangu ni kupiga picha za hoteli za ufukweni, kwa hiyo picha za namna ile nazifahamu nje ndani. Ni picha nzuri, sibishi. Upeo wa macho umenyooka, rangi ya maji haikutiwa chumvi, na mbingu haina lile baka jeusi linalotokea mtu akisahau kuvua filta ya kukata mng'ao kabla ya kuzungusha kamera. Aliyeipiga anaijua kazi.

Ninachogombana nacho ni maneno yaliyo chini yake: "ghuba tulivu". Tazama mchanga. Katikati umekaa chini kabisa ya picha, kisha unapanda kushoto na kulia kama mikono miwili iliyokumbatia maji. Msomaji akiona hivyo na akasoma neno ghuba, ataamini. Sasa atazame vivuli vya miavuli. Ile ya kushoto vivuli vyake vinalala kuelekea kulia, na ile ya kulia vinalala kuelekea kushoto, kana kwamba siku hiyo palitoka majua mawili. Jua lilikuwa moja tu, nyuma ya mpiga picha. Kamera ndiyo iliyozungushwa karibu nusu duara. Kwa upana huo, hata ufukwe ulionyooka kabisa ungetokea na mikono ileile.

Sababu yake si uchawi. Mpiga picha anasimama mchangani akiwa ameelekea bahari, anageuza kamera kutoka bega moja hadi jingine. Maji yaliyo mbele yake yako hatua chache tu. Akigeuka digrii 60, ukingo wa maji unakuwa umbali mara mbili ya ule wa mbele yake. Akikaribia digrii 90, ukingo huo unakimbilia kwenye upeo wa macho. Pichani cha karibu hukaa chini, na cha mbali hupanda. Basi mstari ulionyooka unapinda, na ghuba inazaliwa juu ya karatasi.

Wala hili si jambo la simu za juzi. Robert Barker, mchoraji aliyepata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya panorama, yaani picha pana ya kuzunguka pande zote, mwaka 1787, alikusudia michoro yake itundikwe kwa kuzunguka ndani ya jengo la duara; jengo lake la Leicester Square, London, lilifunguliwa mwaka 1793. Mtazamaji alisimama katikati na kugeuka mwenyewe, na mistari iliyopinda kwenye turubai ikamnyookea. Ninyi mmelikata duara mkalilaza gazetini, na hapo macho hayana msaada. Waliotumia kamera za Cirkut, zile zilizojizungusha zenyewe na kupewa hataza mwaka 1904, walilielewa hili vizuri: wakitaka kundi la watu litokee kwenye mstari ulionyooka, waliwapanga kwa tao mbele ya kamera. (Ndizo kamera ambazo kijana mtundu aliweza kusimama mwisho wa mstari, akapita mbio nyuma ya wenzake, akatokea upande wa pili pia.)

Najua baadhi ya wenzangu watasema natafuta ugomvi, kwamba picha ya utalii ni ya kumvutia mtu, basi. Lakini kuna meneja wa hoteli niliyempigia picha, nikampelekea picha pana pamoja na picha za kawaida. Akazitazama, akasema anataka "ile yenye ghuba". Nikamweleza kwamba pale hapana ghuba, ni ufukwe wazi unaopigwa na mawimbi moja kwa moja, nikamwandikia na maelezo ya kuweka chini ya picha. Picha akaitumia. Maelezo akayaacha.

Mzazi mwenye watoto wadogo huchagua ghuba kwa sababu anafikiri maji yake yamekingwa. Ufukwe wazi ni habari nyingine. Unaweza kuwa na mkondo unaorudi baharini kwa nguvu, na mara nyingi mkondo huo huonekana kama njia ya maji yaliyokolea rangi, yasiyovunja mawimbi, katikati ya povu. Kwa mgeni hapo ndipo panapoonekana pametulia. Na katika picha pana huwezi kuutafuta mkondo huo, maana huundwa kwa kuunganisha picha kadhaa, na picha zile hazikupigwa kwa sekunde moja. Wimbi lililokuwa linavunjika katika picha ya tatu limeshakwisha katika picha ya nne, na programu ya kuunganisha inachagua yenyewe pa kushonea. Mapengo mengine ya mawimbi ni ya bahari, mengine ni ya mshono. Mimi mwenyewe nikipewa picha ya mwenzangu sithubutu kutofautisha.

Sikuombi uache kuchapa picha hizi. Nazipenda, na ndizo zinazonilisha. Naomba maelezo ya chini yaseme kamera ilizungushwa kiasi cha digrii ngapi, kwamba picha zimeunganishwa, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, kwa kuwa ufukwe uleule maji yakijaa huenda usibakize mchanga wa kutandika taulo. Pembeni wekeni picha moja ndogo ya kawaida, iliyopigwa kwa kuutazama ufukwe kwa urefu wake. Hiyo ndiyo itakayomwonyesha msomaji kama umepinda au umenyooka. Neno ghuba liandikwe baada ya mtu kufungua ramani.

Jambo la mwisho ni la mpangaji kurasa. Kuna jengo limemezwa na mkunjo wa katikati, nusu huku nusu kule, na bila shaka mwenye hoteli amelipia tangazo. Mkiisogeza picha kidogo kushoto, mkunjo utaangukia kwenye maji matupu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga picha wa ufukweni