Mgonjwa Hafiki na Majibu ya Maabara Mkononi

Kisumu,
Jumapili jioni

Daktari, rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Kisa cha kufundishia ulichonitumia, kile cha mgonjwa ambaye wanafunzi huchagua kwa kadi hatua za kumtibu, nimekisoma mara mbili, na kwa kuwa unataka kukitumia huko Nakuru na wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne, niruhusu nikuandikie waziwazi.

Ugonjwa umeuchagua vizuri. Malaria kali kwa mtoto ina maamuzi mengi, muda mfupi, na dawa za kupigiwa hesabu. Shida iko kwenye aya ya kwanza. Umeandika: mtoto wa miaka mitatu, kilo 12, homa siku mbili, degedege, hana fahamu, kipimo cha malaria chanya, sukari ya damu 1.6, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) 4.6, zote mbili chini mno. Kisha unauliza, "Utafanya nini?" Hapo mwanafunzi hana kazi tena ila kutaja matibabu aliyoyakariri. Kujua la kuuliza na la kupima kwanza, ambako ndiko kugumu, umeshamfanyia.

Anza na kinachoonekana mlangoni pa chumba cha dharura. Mama ameingia na mtoto begani, anasema: "Daktari, alishtukashtuka njiani, macho yakaenda juu, na tangu hapo nikimwita haitiki." Basi. Uzito haujulikani mpaka mtu aseme mtoto apimwe, na sukari haijulikani mpaka mtu aagize kidole kitobolewe. Kikundi kikikwama na ukaona huruma, mpe mama sentensi moja zaidi, usitoe jibu la maabara. Maneno ya mama yaache yalivyo pia. Kuyageuza yawe lugha ya faili la wodi ni sehemu ya kazi ya mwanafunzi, nawe ulikuwa umeifanya kwa niaba yake.

Kabla ya kuandika upya, chukua karatasi tupu uandike maamuzi tu, yale ambayo daktari mchanga akiyakosea mtoto anaumia. Kwa kisa hiki naona matano: kupima sukari bila kungoja kipimo cha malaria, kuirekebisha hiyo sukari, maji ya dripu, dozi ya atesuneti (dawa ya sindano ya malaria kali), na kutoishia kwenye malaria. Kila kitu kingine ulichokiweka, kama historia ndefu ya chanjo na ile picha ya kifua, kitoe kama hakihudumii mojawapo ya hayo. Ni vigumu kukata ulichokiandika kwa jasho, lakini kisa cha dakika 40 hakibebi zaidi ya maamuzi matano.

Kisha weka saa ubaoni. Kila hatua iwe na bei ya dakika. Sukari ya kidole ni dakika 1. Kipimo cha haraka cha malaria ni dakika 15 hadi 20, kutegemea aina. Slaidi ya maabara, yaani damu ya kutazamwa kwa hadubini, ihesabie saa nzima, na damu ya kuongezewa, ambayo lazima ilinganishwe kwanza na ya mtoto, zaidi ya hapo. Ikifika dakika ya 10 na sukari haijapimwa, degedege inarudi. Wengi watakimbilia diazepamu, dawa ya kutuliza degedege: mg 0.3 kwa kilo, yaani mg 3.6, polepole mshipani. Degedege inatulia, kisha inaanza tena, kwa sababu sukari bado ni 1.6. Wakirudia dozi, pumzi zinapungua. Hapo usiandike "Kosa" kwenye kadi. Andika: "Pumzi 12 kwa dakika. Midomo inabadilika rangi. Mama anauliza mbona amenyamaza." Hali ya mgonjwa yenyewe ndiyo iwasahihishe.

Watakaopima sukari mapema nao wasipewe njia nyeupe. Dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10 ni ml 5 kwa kilo, kwa hiyo ml 60. Lakini kabatini iwepo ya asilimia 50 peke yake, kama inavyotokea kwenye vituo vyetu vingi. Wachukue ml 12, waongeze ml 48 za maji ya sindano. Atakayeisukuma bila kuichanganya, mkono wa mtoto uvimbe na mshipa upotee, aanze kutafuta mwingine huku saa inakwenda. Na baada ya dakika 30 nesi aulize kama kuna aliyesema sukari ipimwe tena. Kama hakuna, anyamaze.

Swali la atesuneti usiliache kuwa la kutaja dawa, maana dawa wanaijua. Liwe la mililita. Kichupa kina mg 60. Unga unayeyushwa kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti, kisha zinaongezwa ml 5 za maji ya chumvi. Jumla ni ml 6, yaani mg 10 katika kila ml. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kilo, kwa hiyo huyu ni mg 36, sawa na ml 3.6. Sasa tazama makosa yanavyozaliwa. Aliyesahau ile ml 1 ya kwanza anagawanya 60 kwa 5, anapata mg 12 kwa ml, anavuta ml 3. Aliyetumia dozi ya watu wazima, mg 2.4 kwa kilo, anapata mg 28.8, anavuta ml 2.9. Aliyekumbuka mchanganyiko wa sindano ya msuli, ambao ni mg 20 kwa ml, anavuta ml 1.8. Hayo ndiyo majibu yasiyo sahihi ya kuweka kwenye kadi, kwa sababu kila moja lina mzazi wake. Kikundi kikichagua ml 1.8, unajua papo hapo kilipoteleza. Zile ml 7 na ml 10 ulizoweka hakuna anayezifikia kwa hesabu yoyote, kwa hiyo hazikuambii lolote kuhusu darasa lako. Jibu la ml 4 likubali, maana miongozo ya kuandaa dawa hii huwa inakadiria juu hadi ml kamili. Dozi ya pili ni saa 12 baada ya ya kwanza, ya tatu saa ya 24. Rusha kisa mpaka saa ya 12, uwaulize ni nani aliyeandika saa ya dozi ya kwanza.

Kwenye uamuzi wa maji ya dripu, mikono ya mtoto iwe baridi na mapigo yaende kasi, ili watamani kummiminia ml 20 kwa kilo haraka. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuata watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, hapa Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya waliomiminiwa maji haraka, walikufa asilimia 10.6 na 10.5 ndani ya saa 48, kutegemea aina ya maji. Kati ya wasiomiminiwa ni asilimia 7.3. Himoglobini ya huyu wako ni 4.6, na akianza kuhema kwa shida, damu ndiyo anayoihitaji. Lakini kwenye kadi ya maelezo ongeza sentensi moja: wanaoharisha hawakuwa kwenye utafiti ule. Usipoisema, mtu atatoka darasani na kesho yake atamnyima maji mtoto aliyekaukiwa.

Uamuzi wa tano ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio utakaobadilika kutoka huku hadi kwenu. Huku ukanda wa ziwa, mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bado kinachomlaza ni homa ya uti wa mgongo. Vile vipimo vya haraka vinavyotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, vinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya matibabu. Kwa hiyo chanya isifunge kisa. Sukari imepanda, degedege imekoma, na mtoto bado haitiki: nani atakagua kama shingo imekakamaa, nani atataja antibayotiki? Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na malaria si ya kila siku. Huko kosa litageuka: hakuna atakayeuliza kama mtoto alisafiri kwenye malaria. Mfiche mtoto likizo ya Agosti kwa nyanya yake Ahero, huku ukanda wa ziwa, na mama asiitaje mpaka aulizwe.

Matawi yatakutisha. Maamuzi matano yenye chaguo tatu tatu, kila tawi likienda zake, ni miisho 243. Hakuna anayeandika hiyo. Kila njia mbaya iwe kijito: inaondoka, inapita kadi moja au mbili za matokeo, kisha inarudi kwenye mto mkuu ikiwa imebeba hasara, yaani dakika zilizopotea au mshipa ulioharibika. Kwa mpango huo kadi 25 hadi 30 zinatosha, na miisho iwe mitatu.

Mara ya kwanza tumia karatasi na bahasha zenye namba. Stima ikipotea hakuna kinachoharibika, na makosa unayasahihisha kwa kalamu. Kikishatulia, kiingize kwenye Twine, programu ya bure inayokupa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari cha simu bila intaneti. Unaweza kulituma kwa WhatsApp. Kuna kishale cha kurudi nyuma, kifiche, la sivyo watajaribu kila mlango mpaka mmoja ufunguke. Fomu za Google pia zinaweza kumpeleka mtu sehemu tofauti kulingana na jibu lake, ila zinahitaji bando.

Kikundi kiwe cha watu watano au sita, mmoja wao ashike saa. Dakika 40 za kisa, kisha dakika 30 za kuzungumza, na hizo 30 usizile hata kidogo. Waulize kwanza walidhani nini walipochagua, ndipo useme lako. Kabla ya siku yenyewe mpe kisa nesi wa wodi ya watoto akisome. Atakuambia kama mlolongo wako unawezekana kwa mikono miwili, na ni kipi huwa kimeisha kabatini.

Jambo la mwisho, na hili nakusihi. Ile picha ya kifua uliyoambatisha ina jina pembeni, juu kushoto. Ifute hata kama huitumii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na mtoto yule ana watu wake. Badilisha umri, kijiji na tarehe, na wakikuuliza darasani mgonjwa alikuwa nani, sema hakuna mgonjwa kama huyo.

Nitumie upya ukurasa wa kwanza na kadi za mama kabla ya Ijumaa. Zile za mililita ziandike mwenyewe, kisha mpe mtu mwingine azikokotoe bila kuona majibu yako.

Wasalimie nyumbani.

Mwenzako wa Kisumu