Chupa ya Dodoma katika meza ya Mainz

Mainz, Ujerumani

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itawakuta nanyi mkiwa na afya njema pamoja na wote wa hapo nyumbani. Mama ameniuliza juu ya zile picha za meza iliyojaa chupa na glasi, na kwa namna alivyouliza nimetambua kwamba ana hofu mwanawe amegeuka mlevi. Naomba niwaeleze kwa kirefu, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa shamba la zabibu la Baba kuliko picha zinavyoonyesha.

Mji wa Mainz uko kando ya mto Rhein, pembezoni mwa Rheinhessen, eneo linaloongoza kwa ukubwa wa mashamba ya mizabibu nchini Ujerumani, na wenyeji wana desturi ya kualikana majumbani kuonja divai. Mwenye nyumba huandaa mkate, jibini na maji ya kunywa, wageni huja na chupa zao, kisha watu huketi na kuzungumza jioni nzima. Safari hii zamu ilikuwa yangu. Sharti nililoweka ni moja tu, kwamba chupa isizidi euro 10, maana nimeona mara nyingi mtu akishajua bei kubwa huanza kusifu kabla hajaonja.

Mama asiogope wingi wa chupa. Kila mtu humiminiwa kama mililita 50, kiasi ambacho chupa moja ya mililita 750 huweza kuwatosheleza watu 15, na mezani huwekwa jagi la kutemea kwa ajili ya yule asiyetaka kumeza. Najua kutema mate mbele ya wageni hapo nyumbani ni utovu wa adabu. Huku hakuna anayegeuza shingo. Dada mmoja wa Moshi, ambaye ni mjamzito, alikunywa juisi ya zabibu usiku kucha, na kwa kuwa yeye hakuwa mwonjaji ndiye tuliyemkabidhi kazi ya kuzifunga chupa kwa magazeti na kuziandika namba, ili pasiwe na mtu anayejua amenywa nini.

Tulianza na divai nyeupe zilizotoka kwenye friji, Silvaner kisha Riesling, tukafuatia na nyekundu ambazo hazikupozwa sana, na tamu tukaiweka mwisho kabisa, kwa sababu ukitanguliza tamu, kavu inayofuata huonekana chachu kupita kiasi. Ile Riesling ilikuwa na uchachu wa kuamsha mate kama ubuyu, nami niliipenda kuliko zote. Nyekundu ya kwanza, Spätburgunder, ilikuwa nyepesi kwa rangi hata ungeweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi.

Chupa namba 5 ndiyo iliyozua mjadala. Rangi yake ilikuwa nzito, ilikuwa na joto la kilevi kooni, na ule ukakasi utokao kwenye maganda na mbegu ulikaa ulimini kwa muda. Mmoja wetu alisema imetoka Hispania, mwingine akashikilia kuwa ni ya kusini mwa Italia, na wote walikubaliana kwamba zabibu zake zimeiva katika jua kali. Dada wa Moshi alipolifungua gazeti, ilikuwa ni divai kavu ya Dodoma, ya zabibu za Makutupora, ambayo ndugu mmoja aliniletea kwenye sanduku lake akiwa ameizungushia kanga mbili. Forodha hawakuwa na neno, kwani msafiri mtu mzima anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kuingia na divai hadi lita 4.

Rafiki yangu aliyekulia katika familia ya wakulima wa zabibu hakuamini nilipomwambia kwamba Baba huvuna mara mbili kwa mwaka. Hapa mizabibu hulala majira yote ya baridi, huvunwa mara moja tu, kuanzia Septemba hivi, na kwao kupogoa ni kazi ya kufanywa huku vidole vimekufa ganzi. Nilimweleza kwamba kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo mkulima ndiye anayeamua kwa mkasi wake ni lini uanze upya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikuweza kumjibu: zabibu zikishakatwa, zinakaa juani saa ngapi kabla ya kukamuliwa?

Aliuliza hivyo kwa sababu aliona divai yetu ina nguvu na harufu nzuri lakini imepungukiwa na uchachu, na ladha yake ya mwisho ilielekea kwenye matunda yaliyopikwa. Sikulichukua kama tusi. Nakumbuka vizuri jinsi makreti yalivyokuwa yakimsubiri mnunuzi kando ya barabara hadi alasiri, nyuki wakiwa wamekwisha kuyazingira, na bei ikishuka kwa kadiri zabibu zilivyonyauka. Joto likizidi, uchachu wa tunda hupungua na sukari huzidi kupanda, nayo divai haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotelea shambani.

Kwa hiyo nina ombi kwa Baba. Msimu ujao, tafadhali jaribu mistari michache tu ivunwe alfajiri na makreti yawekwe chini ya mkwaju hadi gari lifike, hata kama vibarua watanung'unika kwa kuamshwa mapema. Nitamtuma ndugu anayekuja Krismasi akuletee kifaa kidogo cha kupimia sukari ya zabibu. Unaweka tone moja la maji ya tunda kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, na unasoma namba. Naomba uniandikie namba hizo pamoja na tarehe ya kupogoa, na mdogo wangu akusaidie kuzinakili daftarini. Akipata nafasi, ndugu huyo arudi na chupa nyingine mbili, kwa maana wageni wangu wameniomba, na Mama asihofu, nitazimimina kwa kipimo kile kile.

Wasalimieni Bibi na majirani wote.

Mwana wenu awapendaye