Barua ya daktari haikanyagi klachi

Kazi yetu ni kuwapima madereva wa malori walioumia kabla hawajarudi barabarani. Mwezi uliopita mteja wetu mmoja, tajiri mwenye semi nne zinazokwenda Tunduma, mpakani na Zambia, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wasafirishaji akisema tumemla hela. Dereva wake ana miaka 15 barabarani, hospitali imeshamwandikia kuwa amepona, halafu sisi tukamtoza yeye tajiri shilingi 280,000 kwa siku mbili za kumpandisha dereva na kumshusha kwenye gari. Ujumbe ule umesambaa, na tangu hapo kila anayepiga simu anaanza na swali hilohilo: kwani barua ya daktari haitoshi? Nimeona nijibu hapa mara moja, kwa kirefu.

Daktari tunamheshimu, na bila barua yake hatumpandishi mtu garini. Lakini zisomeni hizo barua mnazotuletea. Nyingi zina mstari mmoja: mfupa umeunga, mgonjwa anaweza kurudi kazini. Kazini wapi? Daktari hakuambiwa kama huyu anakaa mezani na kalamu au anashusha tani 30 Mlima Kitonga kule Iringa. Ameangalia picha ya mfupa, ameona umeunga, ameandika ukweli wake. Kinachobaki ni kujua mguu ule utafanya nini kwenye foleni, kwenye ngazi ya kichwa cha lori, na chini ya tela tairi likipasuka usiku. Kazi hiyo ndiyo yetu.

Dereva wa mteja huyu alivunjika ugoko wa mguu wa kushoto. Haikuwa ajali ya barabarani. Alikuwa anashuka kwenye kichwa alfajiri, mvua imenyesha, miguuni ana ndala, akateleza. Wenye magari hushangaa nikiwaambia kwamba wengi tunaowapokea hapa hawakuumia gari likitembea. Wameanguka ngazini, wameanguka juu ya mzigo wakifunga turubai, wamebanwa vidole wakiunganisha tela, jeki imewatelezea kwenye changarawe. Tajiri ananunua vidhibiti mwendo, anafuatilia gari kwa simu akiwa kitandani, lakini jozi ya viatu vya dereva hajawahi kuiuliza.

Siku ya kwanza tulimpandisha na kumshusha mara kumi. Ndiyo, ni kweli, tulimpandisha na kumshusha. Anashuka akiwa ameelekea gari, mikono miwili imeshika na mguu mmoja umekanyaga, au miguu miwili imekanyaga na mkono mmoja umeshika, hakuna kuruka. Mara tano za kwanza alikwenda vizuri. Ya sita alipofika ngazi ya mwisho akajiachia, akatua kwa mguu wa kulia peke yake. Ya saba vilevile. Yeye mwenyewe hakujua kama anafanya hivyo, na nilipomwonyesha video kwenye simu alinyamaza.

Jioni tukaingia Barabara ya Mandela, tela tupu, kutoka Buguruni kwenda Ubungo. Mimi hukaa kiti cha pembeni na daftari, nachora kijistari kila dereva anapokanyaga klachi. Mpaka Tabata vijistari vilikuwa vimejaa ukurasa. Baada ya hapo vikapungua, na foleni ilikuwa ileile. Gari lilikuwa linaburuzwa kwa gia ya tatu mahali pa gia ya kwanza, linatetemeka, mguu wa kulia unahangaika peke yake kati ya pedali ya mafuta na breki, wa kushoto umelala sakafuni. Nikamuuliza, "Mguu vipi, kaka?" Akasema, "Uko poa, mwalimu." Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

Hapo ndipo penye shilingi 280,000. Anayeikwepa klachi mjini ataikwepa mlimani pia. Kila dereva wa njia ya Zambia anajua kwamba gia hupangwa juu, kabla hujaanza kuteremka, na iwe ndogo, injini ibebe uzito na breki zibaki za akiba. Mtu mwenye mguu unaouma hataki kuhangaika na gia. Ataanza kuteremka na ile aliyokuwa nayo, halafu atashikilia breki kona hadi kona. Ngoma za breki zinapata moto, harufu inaingia ndani, ukikanyaga gari halishiki. Kufikia hapo lori limeshachukua kasi, na kurudi gia ndogo hakuwezekani tena. Ripoti itaandika breki zilifeli, na mguu hautatajwa.

Miaka mitatu nyuma mteja mwingine alikataa kipimo chetu. Dereva wake alikuwa ametoka kwenye plasta wiki ileile, na alisema ataendesha polepole. Lori lilipakia saruji, likaondoka usiku. Lilifika Kitonga linashuka, moshi ukaanza kutoka magurudumu ya nyuma, na Mungu akasaidia dereva akalielekeza kwenye ukingo wa upande wa mlima likasimama. Hakuna aliyekufa. Lakini matairi manne yaliungua, bitana za breki zikaisha zote, gari la kuvuta lilitoka Iringa, na mzigo ulichelewa siku sita. Tajiri alinionyesha risiti mwenyewe. Gari la kuvuta peke yake lilizidi mara tano ya bei yetu.

Nisiwalaumu madereva bila kusema sababu. Dereva anadanganya kwamba amepona kwa sababu mshahara wake wa kwenye karatasi ni mdogo, na kinacholisha nyumba yake ni posho ya safari. Akikaa nyumbani posho haipo. Kwa hiyo wiki ya tatu anampigia tajiri, "Bosi, niko fiti." Tajiri naye gari limelala na mkopo benki haulali. Wote wawili wanataka kusikia jibu moja, na nikisema hapana mimi ndiye mbaya.

Mteja wetu alikasirika zaidi kwa sababu alilipa na dereva hakupita. Ada yetu si ya kununua kupita. Ndani yake kuna siku mbili za mwalimu, mafuta ya mizunguko miwili, barua ya kurasa tatu kwa daktari inayoeleza kazi yenyewe (ngazi ina kimo gani, klachi inakanyagwa mara ngapi kwa saa, gurudumu la akiba linashushwa vipi), na kipimo cha marudio ndani ya siku 30 bila malipo. Daktari alipoipata barua ile alimwandikia mazoezi ya kifundo na paja. Pia alimbadilishia dawa. Hili watu hawalifikirii kabisa: alikuwa bado anameza tramadol, dawa inayoleta usingizi, na alikuwa anataka kwenda Tunduma nayo mfukoni.

Sasa njia ya mkato inayoniumiza kuliko zote ni ile ya "tumalizane". Mfanyakazi anaumia, tajiri anampa laki mbili na kumwambia asiende kusema popote. Jamani, mnachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa nini? Sheria ni ya mwaka 2008, mchango wa sekta binafsi ulianza asilimia 1 ya mishahara na umeshuka hadi asilimia 0.5, hela mnatoa kila mwezi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Mfuko unabeba matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara mtu akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hadi miezi 24, na una huduma za utengamao za kumrudisha mtu kazini. Ila asilimia 70 inapigwa kwenye kipato mlichokitangaza. Ukimwandikia dereva mshahara mdogo ili uchangie kidogo, siku ameumia fidia haitamtosha, naye atarudi garini na mguu mbovu.

Utingo mmoja alikatika ncha za vidole viwili akiunganisha tela kwenye yadi. Tajiri wake akamalizana naye. Kidonda kikaharibika, akapasuliwa mara ya pili, tajiri akalipa tena kutoka mfukoni, na mwisho akalipa na wakili. Tajiri huyo alikuja kwetu baada ya miezi 14, muda wa dai umeshapita, akiuliza tumsaidie kujaza fomu. Nilimrudishia hela yake ya ushauri, sikuwa na la kumfanyia.

Na kuna "kazi nyepesi". Wengi wakisikia hivyo wanampa aliyevunjika mguu ulinzi wa usiku, azunguke yadi kwa tochi hadi asubuhi. Huyo mtaendelea kumuuguza. Kwa dereva wa mguu sisi hupendekeza wiki ya kwanza akague magari kabla ya safari, matairi, taa, mifumo ya upepo, huku akiwa na kiti na anakaa anapochoka. Ni kazi ambayo yadi nyingi haifanyiki ipasavyo, na jicho la dereva wa miaka 15 linaona ufa ambao fundi kijana ataupita. Baadaye safari fupi, bandarini na kurudi, Kibaha na kurudi, akiwa na mwenzake. Kisha Morogoro. Tunduma ni ya mwisho. Na posho msiikate yote katika kipindi hicho. Mkiikata, atawaambia amepona siku ya pili.

Dereva wa ugoko alirudi siku ya 19. Alishuka mara kumi bila kujiachia. Kutoka Buguruni hadi Ubungo nilijaza kurasa mbili za vijistari, na za mwisho zilikuwa nyingi sawa na za mwanzo. Tajiri wake ameshaleta dereva wa pili, wa bega, ingawa ule ujumbe wa sauti hajaufuta.

Tunapima Jumanne na Alhamisi, yadi yetu ya Vingunguti, kuanzia saa moja asubuhi. Bei ni ileile, shilingi 280,000, na msiniombe nipunguze kwa kufanya siku moja, kwa sababu maumivu hujitokeza siku ya pili. Aje na leseni, barua ya daktari, na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Gari liwe lile analoendesha, si lingine. Na avae viatu vya kufunga. Mwenye ndala tunamrudisha getini.