Zuhura, Usimkatie Salma Tamaa kwa Maneno ya Kassim

Tanga, 14 Aprili

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Wazima huko? Mguu wa shemeji unaendeleaje? Sisi hatujambo, mvua tu imetukomoa. Nafupisha salamu kwa sababu Salma anatakiwa aijibu Grinnell College, kile chuo kilichompa nafasi jimbo la Iowa, Marekani, kabla ya tarehe 1 Mei, na ile sauti uliyonitumia mwanzo hadi mwisho ni Kassim tu: "Chuo gani hicho hakuna anayekijua, tena huko kwenye mahindi?"

Mahindi ni kweli, ndiyo zao la Iowa. Grinnell ni mji wa watu wapata 9,000, na chuo chenyewe kina wanafunzi kama 1,700. Ila jina la chuo cha namna hii lina wenyewe. Mtajie afisa utumishi wa Dar, atakuuliza kama ni chuo cha ualimu, maana kwetu ukisema koleji watu wanaelewa kitu kilicho chini ya chuo kikuu. Mtajie profesa anayechuja maombi ya uzamivu kule Marekani, hutahitaji kumweleza. Robert Noyce, mmoja wa waliounda Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, alihitimu hapo 1949. Na Wangari Maathai, ambaye Kassim humtaja kila akiona mti unakatwa, shahada ya kwanza alisomea Atchison, Kansas, kwenye koleji ya masista. Muulize kama hiyo aliijua.

Kwa hiyo litazame hivi: cheti atakipeleka wapi? Akitaka kuendelea na uzamili, jina litamsaidia, na zaidi ya jina zitamsaidia barua za walimu, kwa kuwa darasa la watu ishirini mwalimu anamjua mwanafunzi kwa sura na kwa makosa yake. Akirudi nyumbani moja kwa moja, ajiandae kueleza kila usaili. Huku TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, watauliza ithibati, na Grinnell inayo, ya Higher Learning Commission, chombo cha Marekani kinachokagua vyuo. Umaarufu hawauulizi.

Sasa fedha, maana hapo ndipo watu huumia. Ichukueni barua ya msaada muitenganishe kwa kalamu: ruzuku ni ngapi, mkopo ni ngapi, na ngapi ni mshahara wa kazi za chuoni. Hiyo ya kazi haikatwi kwenye ada siku ya kufika, analipwa kidogo kidogo kadiri anavyofanya kazi, tena masomo yakiendelea haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki. Kisha aandike barua pepe aulize: ruzuku ni ya miaka yote minne? Ada ikipanda, nayo inapanda? Bima ya afya imo? Likizo mabweni yakifungwa atalala wapi? Majibu ayapate kwa maandishi. Na kabla ya usaili wa ubalozini wekeni dola 350 za SEVIS, ule mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza, tiketi mbali.

Kila chuo kilichompa nafasi, atafute kwenye tovuti yake jedwali linaloitwa Common Data Set. Swali la H6 linaonyesha wanafunzi wa kigeni wangapi walipewa fedha na wastani wake. Sehemu B ina waliorudi mwaka wa pili na waliomaliza. Mishahara ya wahitimu iliyoko College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani, asiitegemee sana: inahesabu waliopokea msaada wa serikali yao, na wageni hawaupati.

Vyuo vidogo vina hatari moja ambayo Kassim hakuitaja. Vinafungwa. Wells, New York, kilikuwapo tangu 1868. Mwisho wa Aprili 2024 kikatangaza kinafunga, na muhula huohuo ukawa wa mwisho. Chuo kinachoishi kwa ada peke yake kikikosa wanafunzi kinakosa pumzi. Grinnell ina mfuko wa wakfu, yaani akiba iliyowekezwa, unaozidi dola bilioni 2, hapo sina wasiwasi. Hicho kingine cha Vermont mlichosema mwanzo, mfuko wake mmeuangalia?

Halafu hiyo kozi ya uchumi anayotaka kusoma. Aulize idara namba ya kozi itakayoandikwa kwenye I-20, fomu ya chuo anayoombea viza. Ikiwa 45.0603, akimaliza anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi hukohuko Marekani na mingine 24 juu yake. Ikiwa 45.0601, ni hiyo 12 tu. Kozi zinafanana kama pacha, namba ndiyo inayoamua, na wengi wanaigundua mwaka wa nne. Hata Kassim na chuo chake chenye jina kubwa hapo hana la kusaidia.

Sasa niambie: Salma mwenyewe anasemaje, au mmemsahau katikati ya mabishano? Kile chuo kikubwa anachokipenda Kassim kimetoa hata senti? Nani atalipa tofauti, yeye? Bi Mwanaidi bado yuko kwenye ahadi ya tiketi? Na baridi, mtoto ameambiwa, au mnamnunulia sweta la Lushoto mkidhani litatosha?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Picha ya barua ya msaada itume, kurasa zote, na nyuma pia.

Wako,
Mama Nasra